Majaji 16 wa Karlsruhe walipewa na nani rungu la kufuta sheria ya Bunge?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasomea uuguzi hapa Kassel, Ujerumani. Kwenye kozi ya uraia mkufunzi alituambia kwamba Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe inaweza kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge zima, na serikali ikanyamaza. Nimekua nikijua kwamba Bunge ndilo sauti ya wananchi. Sasa majaji 16 ambao hakuna mwananchi aliyewapigia kura walipata wapi ubavu huo? Na siku serikali ikikataa, nani atailazimisha? La mwisho: hizo haki za msingi zinanihusu na mimi niliyekuja juzi kwa viza ya masomo, au ni za wenyewe?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na pole na baridi ya huko.

Kwanza nirekebishe neno moja. Serikali ya Ujerumani ikishindwa Karlsruhe hainyamazi. Mawaziri hununa mbele ya kamera, wabunge huwaita majaji wanasiasa waliovaa majoho, magazeti huandika wiki nzima. Baada ya hapo hutii. Sasa kwa nini mtu mwenye jeshi, polisi na hazina amtii mzee wa miaka 60 mwenye joho jekundu na kola nyeupe ya kitambaa? Swali lako limekaa hapo.

Turudi 1933. Watu wengi hudhani Hitler aliikuta nchi isiyo na katiba. Alikuta katiba iliyosifiwa dunia nzima, ile ya Weimar ya 1919, yenye orodha ndefu ya haki. Ila ndani yake mlikuwa na Ibara ya 48, iliyomruhusu Rais kusimamisha haki saba wakati wa hatari. Usiku wa tarehe 27 Februari 1933 jengo la Bunge liliungua. Kesho yake Rais Hindenburg alisaini amri, na zote saba zikaenda: uhuru wa mtu kutokamatwa ovyo, usalama wa nyumba, siri ya barua na simu, uhuru wa maoni, wa kukusanyika, wa kuunda vyama, na haki ya mali. Ilisemekana ni kwa muda tu. Zilikaa kapuni miaka 12.

Kisha tarehe 23 Machi wabunge waliitwa kwenye ukumbi wa opera wa Kroll, Berlin, maana jengo lao lilikuwa majivu. Ndani ya ukumbi na nje walipangwa wanamgambo wa Hitler wa sare za kahawia, wakiimba vitisho. Wabunge 81 wa chama cha kikomunisti hawakuwapo: wengine jela, wengine mafichoni. Muswada uliipa serikali uwezo wa kutunga sheria peke yake, hata sheria zinazopingana na katiba. Kura 444 za ndiyo, 94 za hapana, na hizo 94 zote zilikuwa za chama kimoja, SPD, yaani wasoshalisti wa kidemokrasia. Theluthi mbili ikapatikana, ikachapishwa kwenye gazeti la serikali, ikapigwa mhuri. Kila karatasi ilikuwa mahali pake.

Ukitaka kujua kwa nini Wajerumani hawaliachii Bunge neno la mwisho, ndiyo sababu hiyo. Sauti ya wananchi ilipiga kura ya kuwanyamazisha wananchi. Na kuna jambo ambalo wakufunzi wa kozi za uraia hulipita haraka: Theodor Heuss, mmoja wa waliopiga ndiyo siku ile, ndiye aliyeketi mwaka 1948 kuandika katiba mpya, akawa Rais wa kwanza chini ya katiba hiyo mwaka 1949. Kwa hiyo waandishi wa katiba ile hawakuwa malaika waliowaandikia wakosaji. Baadhi yao walikuwa wakijifunga wenyewe, kama mlevi anayempa mkewe funguo za gari kabla ya kwenda harusini.

Walianza Bonn tarehe 1 Septemba 1948, wajumbe 65 wenye kura, wanne tu kati yao wanawake. Ufunguzi ulifanyika kwenye jumba la makumbusho ya wanyama, kwa kuwa kumbi zilizosalimika mabomu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na wanyama waliokaushwa wakafunikwa mapazia wasiwakodolee macho waheshimiwa. Tarehe 23 Mei 1949 katiba ilitangazwa. Hawakuiita katiba, waliiita Sheria ya Msingi, kwa sababu nchi ilikuwa imekatika vipande na walitumaini itaungana karibuni.

Katiba ya Weimar iliziweka haki nyuma, baada ya habari za Rais na Bunge. Bonn waliziweka mbele kabisa. Ibara ya 1 inaanza kwa kusema utu wa mtu hauguswi, na kuuheshimu na kuulinda ni wajibu wa dola yote. Ibara hiyohiyo, aya ya tatu, inasema haki zinazofuata zinalifunga Bunge, serikali na mahakama kama sheria kamili. Maneno hayo hayana mbwembwe, lakini ndiyo yaliyogeuza kila kitu. Weimar Bunge lilikuwa juu ya orodha ya haki, likizitazama. Hapa likawekwa chini yake.

Halafu ipo Ibara ya 79, aya ya tatu. Katiba inaweza kubadilishwa kwa theluthi mbili za mabunge yote mawili, ila misingi ya Ibara ya 1 na ya 20, yaani utu, demokrasia, dola ya kijamii, mgawanyo wa madaraka, haiguswi hata kwa kura zote. Hata wabunge wote wakikubaliana, hata wakishangilia wamesimama. Wanafunzi wangu hupenda kubishia hapa: vipi watu wa 1949 wawafunge wajukuu zao? Ubishi una haki yake. Na kwetu Afrika Mashariki si ubishi wa kigeni. Mwaka 1965 profesa mmoja wa Heidelberg, Dieter Conrad, alitoa mhadhara Banaras, India, akiwaambia wanasheria wa huko kwamba hata katiba isiyo na ibara kama hiyo ina viungo ambavyo Bunge haliruhusiwi kuvikata. Mwaka 1973 Mahakama ya Upeo ya India ililipokea wazo hilo kwa majaji saba dhidi ya sita. Mei 2021 likaibuka Nairobi, Mahakama Kuu ya Milimani ilipouzuia mpango wa BBI, ule wa kurekebisha Katiba ya Kenya. Machi 31, 2022 Mahakama ya Upeo ya Kenya ikasema nadharia hiyo haina nafasi kwenye Katiba ya 2010, ingawa BBI yenyewe ilibaki imezikwa, kwa sababu Rais hakuwa na ruhusa ya kuanzisha mageuzi kwa njia iliyotengwa kwa ajili ya wananchi. Wazo lilitoka kwenye majivu ya opera ya Kroll likapita Banaras hadi Nairobi. Sheria husafiri kuliko wanasheria.

Sasa majaji wenyewe. Mahakama ilianza kazi mwaka 1951. Leo ina mabaraza mawili, kila moja majaji wanane. Nusu yao huchaguliwa na Bunge la Shirikisho, nusu na Baraza la Majimbo, na kila mmoja lazima apate theluthi mbili. Kwa hiyo kusema hakuna mwananchi aliyewapigia kura si kweli kabisa. Wawakilishi wako wamewapigia, na si chama tawala peke yake, maana theluthi mbili haipatikani bila wapinzani kukubali. Jaji hukaa miaka 12, mara moja tu, na akifika 68 anaondoka. Hana uchaguzi wa pili wa kuutafuta, kwa hiyo hana wa kumbembeleza.

Lakini hiyo ni habari ya jinsi walivyopatikana. Ubavu wao hasa uko kwenye namna wanavyofanya kazi, na hilo silielezi kwa Hitler. Darasani huwa naanza na duka la dawa.

Mwaka 1956 mfamasia mmoja aliomba leseni ya kufungua duka Traunreut, mji mdogo wa Bavaria. Vyeti anavyo, uzoefu anao. Akajibiwa: duka lipo tayari, linawatosha wakazi, la pili la nini? Sheria ya jimbo ilisema leseni mpya itolewe tu ikiwa duka jipya linahitajika kwa manufaa ya umma na halitayatikisa kiuchumi yaliyopo. Serikali haikuwa na roho mbaya. Ilihofu kwamba maduka yakizidi, wenye maduka watagombania wateja, watauza dawa kali bila cheti cha daktari, watabana matumizi mpaka kwenye usafi. Afya ya umma! Nani atainuka kupinga afya ya umma?

Tarehe 11 Juni 1958 Mahakama ilijibu, na hukumu ile kila nikiisoma inanikumbusha mama anayemhoji mtoto aliyekuja kuomba hela ya daftari. Daftari la nini? La hesabu. La zamani limejaa? Lilete nilione. Mbona kurasa hizi nyuma ni nyeupe? Na hata kama limejaa, mbona unaomba hela ya madaftari matano? Mama hakatai elimu. Anataka kuona.

Ndivyo majaji walivyofanya. Lengo la kulinda afya ni halali? Ndiyo, halina ubishi. Je, njia uliyochagua inakufikisha huko? Onyesha. Wakatazama Uswisi, ambako mfamasia hufungua duka apendapo, na hawakuona ushahidi kwamba afya ya Waswisi imeharibika kwa sababu hiyo. Je, hakuna njia nyepesi zaidi? Ipo: ukihofu dawa kuuzwa ovyo, kagua maduka, toza faini, mnyang'anye leseni anayekosea. Kwa nini unamzuia mlangoni mtu ambaye hajakosea chochote, ambaye hawezi kufanya lolote kuondoa kizuizi hicho, hata akisoma miaka mingine kumi? Sharti hilo likafutwa.

Wanasheria huiita kanuni hii uwiano. Serikali inaruhusiwa kubana haki, inabana kila siku, lakini inabeba mzigo wa kueleza kwa nini, kwa kiasi gani, na kwa nini si kidogo zaidi. Majaji wa Karlsruhe hawaamui Wajerumani wawe na maduka mangapi ya dawa. Wanadai sababu, na wanazikagua kama mama anavyokagua daftari. Nawaambia wanafunzi: jaji anayefuta sheria kwa sababu haipendi ni dikteta mdogo, jaji anayefuta sheria kwa sababu aliyeitunga ameshindwa kuitetea mbele ya watu anafanya kazi yake. Mstari kati ya wawili hao si mnene, na Karlsruhe imewahi kuuvuka, kwa maoni yangu.

Kanuni hii nayo imezunguka. Utaikuta Luxembourg kwenye Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Strasbourg kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Canada, Afrika Kusini, na Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya imeiandika karibu hatua kwa hatua. Kwetu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali iliitumia mwaka 1991 kwenye kesi ya kifungu kilichowanyima watuhumiwa dhamana: sheria inayobana haki ya msingi lazima iwe na kinga dhidi ya uonevu, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo. Ukikutana na mwanasheria wa Dar es Salaam anayekwambia uwiano ni mambo ya Ulaya, mkumbushe kesi hiyo.

Kwa kuwa uko Kassel, nikupe na habari ya mtu wa kwenu. Elisabeth Selbert alizaliwa hapo mwaka 1896, akasomea sheria ukubwani, tayari akiwa mama wa watoto wawili, na alikuwa mmoja wa wale wanawake wanne wa Bonn. Alitaka katiba iseme kwa maneno mafupi: wanaume na wanawake wana haki sawa. Wenzake walikataa. Si kwamba walichukia wanawake, walisema. Sheria ya ndoa yote itabomoka! Kweli ingebomoka, na ndilo alilokuwa akitaka. Akazunguka nchi akihutubia, na barua za wanawake zikamiminika Bonn kwa matenga. Januari 1949 wakakubali, wakajipa muda: sheria zinazopingana na usawa zirekebishwe kabla ya Machi 31, 1953.

Tarehe ikapita, Bunge halijafanya kitu. Wabunge walidhani bila sheria mpya usawa utasubiri. Karlsruhe ikasema Desemba 1953 kwamba hausubiri. Ni sheria tangu siku ile, na mahakama za kawaida ziutumie. Bunge likaamka, likatunga sheria mwaka 1957, ila likachomekea humo kifungu: baba na mama wakitofautiana kuhusu mtoto, kauli ya mwisho ni ya baba. Julai 29, 1959 Mahakama ikakifuta nacho. Kwenye baraza lililoamua alikuwamo Erna Scheffler, mwanamke pekee kati ya majaji 24 walioanza na Mahakama hiyo. Fikiria hiyo Ujerumani ya 1959, si mbali sana na mabaraza ya wazee tuliyoyazoea. Bunge lililochaguliwa kihalali kabisa, wengi wa wapiga kura wake wakiwa wanawake, lilimpa baba rungu. Wengi walikuwa upande wa Bunge. Katiba haikuwa.

Kuna mahali pamoja ambapo mizani hii ya uwiano haitumiki. Baada ya Septemba 11, na baada ya mtu mmoja mwaka 2003 kuzunguka na ndege ndogo juu ya minara ya mabenki Frankfurt, Bunge lilipitisha sheria ya kumruhusu waziri wa ulinzi kuamuru ndege ya abiria iliyotekwa itunguliwe. Hesabu inaeleweka: abiria watakufa tu, bora wafe wao kuliko wao na watu elfu kumi chini. Februari 15, 2006 Karlsruhe iliifuta. Abiria hawa hawana kosa, ikasema, na dola inawageuza kuwa kitu, kipande cha ile silaha, ikiwaua ili kuwaokoa wengine. Utu hauwekwi kwenye mizani hata upande wa pili ukiwa na watu elfu kumi. Mimi mwenyewe nimebadilisha msimamo wangu juu ya hukumu hii mara mbili, na siku hizi niko upande wa majaji, lakini simlaumu anayeona ni usomi wa watu ambao hawakuwa na ndugu kwenye mnara.

Usidhani Ulaya yote inafanya hivi. Uholanzi, Ibara ya 120 ya katiba yao inakataza majaji kupima sheria za Bunge kwa katiba. Uingereza haina katiba ya kitabu kimoja, na jaji hawezi kufuta sheria ya Bunge; anaweza kutangaza tu kwamba inagongana na haki za binadamu. Desemba 2004 majaji wanane dhidi ya mmoja walitangaza hivyo kuhusu sheria iliyoruhusu watuhumiwa wa ugaidi wafungwe bila kesi wakiwa wageni, huku raia wenye tuhuma zilezile wakiachwa nje. Sheria haikufa siku hiyo. Bunge lenyewe liliibadilisha mwaka uliofuata, kwa aibu. Nchi inaweza kulinda haki kwa kufuli au kwa aibu. Wajerumani, baada ya 1933, hawakuiamini aibu.

Tuje kwenye swali lako la pili, kutii. Novemba 15, 2023 Karlsruhe ilifuta uhamisho wa euro bilioni 60 ambao serikali ya Olaf Scholz ilikuwa imeuchukua kutoka mikopo ya korona na kuupeleka kwenye mfuko wa tabianchi. Bilioni 60! Hakuna polisi aliyetumwa. Serikali ilisimamisha matumizi, ikachana bajeti, na mwaka mmoja baadaye muungano wao ukavunjika wakigombania fedha. Walioshtaki walikuwa wapinzani, chama cha CDU na wenzao wa CSU. Waliposhinda uchaguzi mwaka 2025, hao hao waliungana na wengine kubadilisha katiba ili wakope zaidi. Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini ona walichofanya: walitafuta theluthi mbili. Hawakuipuuza hukumu waliyoiomba wenyewe.

Wanatii kwa sababu kila chama kinajua kesho kitakuwa nje ya serikali, nacho kitahitaji mlango wa Karlsruhe ukiwa wazi. Wanatii pia kwa mazoea, na mazoea ni kitu chepesi kuliko kinavyoonekana. Bavaria, Mahakama ilipoamua mwaka 1995 kwamba jimbo haliwezi kulazimisha msalaba kila darasa, watu walijaza viwanja kwa maandamano, na jimbo likatunga sheria ya kubaki na misalaba ila mzazi mwenye sababu nzito akilalamika itafutwe suluhu. Huo ulikuwa utii wa kukanyaga kwa vidole.

Na utii unaweza kukatika kabisa. Poland, Machi 9, 2016, Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu dhidi ya sheria iliyolenga kuipunguzia nguvu mahakama yenyewe. Serikali ya Beata Szydło haikuleta vifaru. Ilikataa kuichapisha hukumu kwenye gazeti la serikali, basi. Vijana wa chama kidogo cha Razem walikwenda usiku na projekta, wakamulika maneno ya hukumu kwenye ukuta wa ofisi ya waziri mkuu, herufi kubwa, barabarani panasomeka. Hukumu ya nchi nzima ikaishi ukutani kwa taa. Hungary walikuwa wametangulia kwa njia ya upole zaidi: chama kilichopata theluthi mbili ya viti mwaka 2010 kiliongeza majaji kutoka 11 hadi 15 na kuandika katiba mpya. Kila karatasi ilikuwa mahali pake huko pia.

Wajerumani waliyaona hayo wakashtuka, maana muundo wa mahakama yao ulikuwa kwa sehemu kubwa kwenye sheria ya kawaida, inayobadilishwa kwa wingi mdogo wa kura. Desemba 2024 waliingiza kwenye katiba idadi ya majaji, miaka 12, umri wa kustaafu na kwamba maamuzi yake yanafunga. Hawakuingiza sharti la theluthi mbili kuwachagua majaji. Hilo limeachwa kwenye sheria ya kawaida. Mlango umerudishwa, komeo halijasukumwa, na mimi ningekuwa mbunge wa huko ningelisukuma.

Swali lako la tatu. Ibara ya 1 inasema utu wa mtu, si wa Mjerumani. Uhuru wa mwili, dini, maoni, siri ya mawasiliano, usawa mbele ya sheria, yote hayo ni ya kila mtu aliye chini ya dola ile. Zipo chache zilizoandikwa "Wajerumani wote": kukusanyika, kuunda vyama, kuhama ndani ya nchi, kuchagua kazi. Kwa hizo mgeni hulindwa na Ibara ya 2, ambayo ni hafifu zaidi, ingawa maandamano sheria ya kawaida inayaruhusu kwa kila mtu. Kwa hiyo ukitaka kusimama na wenzako wauguzi na bango, simama.

Na usidhani ni maneno ya vitabuni. Mwaka 2012 posho ya waomba hifadhi ilikuwa ileile ya 1993, euro 224.97 kwa mwezi kwa mtu mzima, bei zikiwa zimepanda miaka karibu 20. Hoja iliyozunguka ilikuwa kwamba posho ikipanda wageni wataongezeka. Julai 18, 2012 Karlsruhe ilisema kiasi hicho hakitoshi kwa uwazi kabisa, na kwamba utu haupunguzwi kwa sababu za sera ya uhamiaji. Serikali ililipa zaidi. Waliofaidika hawakuwa na kura hata moja.

Nawe ukidhulumiwa na dola, mlango upo kwako pia. Malalamiko ya kikatiba hayana ada, na hulazimiki kuwa na wakili kuyapeleka. Lakini kwanza umalize mahakama zote za kawaida, kisha uandike ndani ya mwezi mmoja tangu uamuzi wa mwisho, kwa Kijerumani, na sababu zote ziwe ndani ya mwezi huo. Barua pepe hawapokei. Malalamiko karibu 5,000 hufika kila mwaka, na yanayofaulu ni kama mawili katika kila mia. Ukiwachezea wanaweza kukutoza hadi euro 2,600. Karlsruhe ikikukatalia, Strasbourg wanakupa miezi minne. Kwa hiyo bahasha ya uamuzi ikifika, andika tarehe juu yake kwa kalamu siku hiyohiyo, ndipo uifungue.